Oksijeni na Mguu wa Ustadhi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika kabla ya chai ya saa nne. Msichana wa Waa, nimetoka chuo cha uuguzi majuzi, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, nikapelekwa chumba cha kufungia vidonda katika hospitali moja ya serikali huku pwani ya kusini. Mzee aliyelala kitandani alikuwa na kidonda cha mguu cha miaka mingi, na bandeji ilipofunguliwa ile harufu ilinikaba koo. Nilikimbilia nje nikainama kwenye maua ya hospitali. Nilipoinua uso nikamkuta Sista Mkuu amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Shikamoo, Sista. Nisamehe."

"Marahaba. Nawa uso, urudi. Pua itazoea, mwanangu. Macho ndiyo usiyaache yakazoea."

Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, zenye chai na sambusa na beji za kuning'iniza shingoni, na sikumbuki iliyonifunza zaidi ya maneno yale. Ninyi mnaoanza kazi leo mna vifaa ambavyo sisi hatukuviota. Nami nataka kuwasimulia kifaa kimoja, kwa sababu tangu nistaafu hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hili: Bi Mwanasha, ile oksijeni ya vidonda inaponya kweli?

Kwanza mjue kidonda sugu ni kipi. Ukijikata na kisu ukiwa mzima, mwili wenyewe unafanya kazi: damu inaganda, takataka zinaondolewa, nyama mpya inaota, ngozi inafunika. Kidonda sugu ni kile kilichokwama njiani. Wiki zinapita, miezi inapita, nacho kimekaa tu. Mara nyingi mwenyewe ana kisukari, au mishipa ya damu imeziba, au amelala kitandani muda mrefu upande mmoja. Kazi yetu wakati ule ilikuwa kuosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kukwangua nyama iliyokufa, kufunika kwa shashi, na kumwomba Mungu. Bandeji iliyogandamana na kidonda tuliilowesha kwanza, ndipo tukaibandua. Aliyeing'oa kavu alikiona cha mtema kuni kwa Sista Mkuu.

Dawa za ajabu nimeziona zikija na kuondoka. Ilikuja ile dawa ya zambarau, kila mgonjwa akatoka na mguu wa rangi ya biringani. Ikaja sukari, ikaja asali, likaja papai bichi. Halafu kulikuwa na yale maji yanayotoa povu, ambayo wagonjwa waliyapenda kupita yote. Ukimwagia tu kidonda kinachemka povu jeupe, mgonjwa anatabasamu, anaona kazi inafanyika. Siku moja nami nilikuwa nimeyamwaga kwa ukarimu, Sista Mkuu akanishika mkono.

"Unamtibu nani hapo? Kidonda au mwenye kidonda?"

"Wote, Sista."

"Povu linampendeza mwenyewe. Kidonda hakijui povu. Linaunguza na ile nyama changa unayoitafuta."

Baadaye nilikuja kufahamu kwamba lile povu ni oksijeni inayotoka. Kwa hiyo msidhani habari ya kukipelekea kidonda hewa ilianza juzi.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Kinango. Sitasema uongo, nililia. Huko maji yalikuwa ya kusubiriwa, na mimi kazi yangu ilikuwa kuosha. Tulichemsha maji ya madumu, tukayachuja kwa kitambaa, tukayatumia kama mtu anavyotumia zafarani. Bosi wangu alikuwa Tabibu Msimamizi, mtu mkimya wa Kiduruma aliyeandika polepole. Palikuwa na mama mmoja mwenye kidonda chini ya unyayo. Kila akija nilimwambia apumzishe mguu, na kila akirudi kidonda kilikuwa kimepanuka. Nikamgombeza mbele ya watu.

"Sikukanyaga kwa kupenda, mwanangu," akanijibu. "Maji nani atateka?"

Alipoondoka Tabibu akaniita. "Sista, ukimwandikia mtu apumzishe mguu, mwandikie na jina la atakayemtekea maji. La sivyo hujamwandikia kitu."

Tukamwita mume wake. Alikuja amekunja uso, akaondoka na madumu. Kidonda kikafunga bila dawa yoyote mpya. Sina haja ya kuwaambia kwamba mume yule aliniamkia kwa jicho la pembeni mpaka nilipohama.

Nilirudi pwani nikiwa mtu mzima, nikakabidhiwa chumba cha vidonda kukisimamia. Hapo ndipo nilipokaa hadi kustaafu, na hapo ndipo, baada ya miaka ile ya korona, tulipoletewa mashine na wafadhili fulani. Ilikuwa kisanduku kidogo chenye bomba, na mfuko mgumu wa plastiki anaovishwa mgonjwa mguuni hadi chini ya goti. Mfuko unakazwa, oksijeni inaingizwa ndani, mgonjwa anakaa nao kama saa moja na nusu mguu ukiwa juu ya mto. Maelezo yake yalikuwa na akili. Seli zinazojenga nyama mpya zinahitaji oksijeni, na zile zinazopigana na vijidudu nazo zinahitaji. Kidonda sugu kina njaa ya oksijeni kwa sababu damu haifiki vizuri. Basi kama haiji kutoka ndani, ipitishwe juu. Sharti moja lilikuwa moto usisogee karibu. Nikabandika tangazo mlangoni: hakuna sigara, hakuna udi, hakuna ubani. Kwetu ilibidi vitajwe vyote vitatu.

Daktari wa Upasuaji aliifurahia sana. Alikuwa kijana wa bara, hodari, mwenye haraka, na mwenye moyo mzuri. Mgonjwa wake wa kwanza kwenye mashine ile alikuwa Ustadhi Suleimani.

Ustadhi alikuwa imamu wa msikiti mmoja kule Bongwe na mwalimu wa chuo cha Kurani. Alikuwa na kisukari. Msumari wa kiatu ulimchoma chini ya kidole gumba, asiusikie, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeua hisia za mguu. Alipokiona kidonda alikificha ndani ya soksi kwa miezi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye ilibaki kidogo. Alipoletwa, Daktari aliupima mguu. Mshipa wa juu ya unyayo ulikuwa unapiga vizuri, hiyo ilikuwa heri. Mfupa ulikuwa bado haujaoza, hiyo pia heri. Lakini usaha ulikuwa mwingi.

"Mwalimu, nitakuambia ukweli," Daktari akasema. "Tutajaribu dawa, tutajaribu hii oksijeni. Mwezi ujao kama iko vile vile, tunakata hapa, chini ya goti. Nikingoja zaidi nitakupoteza wewe mzima."

Ustadhi alitikisa kichwa kwa upole. "Na mwenye mguu mmoja, Daktari, anasujudu vipi?"

Daktari akanitazama mimi. Nami nikainama kuufungua mfuko wa mashine.

Tukaanza. Alikuja kila asubuhi, amevaa kanzu safi, ananiamkia kabla sijamwamkia ingawa tulikuwa rika. Dawa za vijidudu alimeza, sukari ilishuka, oksijeni alipata. Na kidonda hakikusogea. Nyama iliyokufa nilikwangua leo, kesho kutwa iko tena. Kingo zake zilikuwa nyeupe, zimevimba maji kama vidole vya mfuaji nguo. Hilo halikunipendeza, maana mfuko ule wa oksijeni ulikuwa mkavu. Wiki zikapita. Daktari akaanza kupunguza maneno, na daktari wa upasuaji akipunguza maneno ujue anafikiria msumeno.

"Sista Mwanasha, hii machine haisaidii," akaniambia. "Nimuweke kwa list ya theatre."

"Nipe siku chache, Daktari."

"Za nini?"

"Bandeji anayorudi nayo siyo ninayomfunga mimi."

Mkono wa mtu kwenye bandeji ni kama mwandiko wake. Mimi huanzia vidoleni, napandisha kwa kukatisha, namalizia kwa nje ya kifundo. Ya Ustadhi kila asubuhi ilikuwa imezungushwa tu, kama mtu anavyofunga mzigo. Asubuhi iliyofuata nilisubiri chumba kitulie, nikavuta kiti.

"Ustadhi, bandeji hii nani ameifunga?"

Aliivuta kanzu ikafunika goti. Kisha akasema, "Mimi."

"Na aliyeifungua?"

"Mimi pia. Kwa ajili ya udhu, Bi Mwanasha."

Nikahisabu kichwani: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Kila sala mguu ule ulikuwa unaoshwa kwa maji ya birika la msikiti, kidonda na yote, halafu unafungwa mbichi. Hasira zilinipanda, nikazimeza.

"Lakini si wewe mwenyewe unayefundisha watu kwamba mgonjwa anapangusa juu ya bandeji?"

"Naam, nafundisha. Anaosha palipo pazima, anatayamamu kwa mchanga kwa ajili ya palipofunikwa, na anapangusa juu kwa mkono wenye maji. Ila kwa madhehebu yetu, bandeji iwe imefungwa akiwa na udhu. Ikifungwa hana udhu, ataswali, kisha itampasa airudie sala yake. Na mwenye kupaswa kuirudia haongozi wenzake. Nyuma yangu wanasimama watu."

"Si ungekuja hapa na udhu?"

"Huja nao." Akatazama sakafuni. "Nikifika unautengua."

"Mimi?"

"Kwenye kidonda unavaa glavu. Ukimaliza unazivua, ndipo unaninyanyua kisigino uniweke kwenye mfuko. Ngozi kwa ngozi, na mimi si ndugu yako."

"Ya Allah! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mwanamke ananiosha kidonda ambacho mwenyewe nashindwa kukitazama, nami nimwambie asiniguse? Huo si uungwana."

"Na kumwachia mwingine aswalishe kwa muda?"

"Hilo nililikataa kwa kiburi," akasema. "Nakwambia wewe. Wangeuliza kwa nini, nami sikutaka waujue mguu huu."

Nilitoka nje nikasimama kidogo. Sikujua nicheke au nilie. Mtu alikuwa anakaribia kukatwa mguu kwa ajili ya adabu.

Siku hiyo hiyo tulibadilisha mpangilio wa kazi. Zamani tulisafisha kidonda mapema, oksijeni ikafuata, kisha tukafunika juu. Sasa oksijeni ikatangulia. Baada yake nilisafisha kidonda, nikakifunika kwa shashi safi, Ustadhi akachukua udhu wake kwa kopo na beseni, palipo pazima tu. Kwa tayamamu tulimwekea sahani ya mchanga barazani, mbali na vifaa vyangu, kwa sababu kuhusu vumbi sikuwa tayari kusikiliza fatwa ya mtu. Akirudi ndani ananikuta nimevaa glavu ndefu juu ya mikono ya sare, na sizivui mpaka atoke mlangoni. Nikamfunga. Nyumbani akawa anapangusa juu kwa unyevunyevu tu. Kiti akakiweka chuoni, akasomesha ameketi, na kiatu tukamkatia kisikanyage pale penye kidonda.

Daktari alitukuta barazani na ile sahani ya mchanga.

"Sista, hapa ni hospitali ama ni msikiti?"

"Hapa ni mguu, Daktari."

Akacheka, akatazama saa yake, akampa Ustadhi muda zaidi. Ni mtu mwema, nimeshasema.

Kwanza zikakauka zile kingo. Kisha chini ya kidonda ukaanza kuonekana wekundu wenye chembechembe, ule unaotoa damu kidogo ukiugusa. Hiyo ndiyo nyama mpya, na muuguzi wa vidonda akiiona hufurahi kama aliyeona mwezi wa Idi. Mwezi wa Daktari ukafika, ukapita, jina la Ustadhi halikuandikwa popote. Kidonda kikaendelea kunywea mpaka kikafunga, kikaacha kovu jembamba.

"Unaona, Sista?" Daktari akaniambia kwa furaha. "Oxygen imefanya kazi."

"Na zile wiki za kwanza? Oksijeni si ilikuwa ile ile?"

"Zile wiki alikuwa analowesha."

"Basi kilichomponya ni ukavu."

"Ama ni zote mbili."

"Ama zote mbili," nikakubali. "Ili tujue, tungehitaji akina Ustadhi wengi, nusu wawekewe oksijeni, nusu hewa ya kawaida ndani ya mfuko ule ule, wenyewe wasijue ni ipi, na wote wakae wakavu, miguu juu."

Akaniambia kwamba ndivyo majaribio yanavyofanywa na watafiti. Baadhi yamekuta kwamba vidonda vya kisukari vilifunga zaidi oksijeni ilipoongezwa juu ya huduma nzuri ya kawaida. Mengine hayakuona tofauti kubwa, au yalikuwa na wagonjwa wachache mno. Nikampenda zaidi kwa kunieleza hivyo bila kuninyooshea kidole.

Haukupita muda akaja Afisa wa Mradi wa wale wafadhili, binti mwenye heshima, amekuja na kamera. Alitaka Ustadhi aseme kwamba mashine imeuokoa mguu wake. Nilijua mashine zaidi zingekuja akisema hivyo, na nilizitaka. Ustadhi akanigeukia. "Niseme, Bi Mwanasha?"

"Sema unachokijua, Ustadhi."

Akatengeneza kofia yake. "Alhamdulillahi, mguu nimebakishiwa," akaiambia kamera. "Waliohangaika nao ni wengi, na mashine hii ilikuwamo. Fungu la kila mmoja anayelijua ni Mungu."

Binti akamwomba arudie kwa ufupi zaidi. Akarudia vile vile, neno kwa neno, kama aya. Picha ile sikuiona ikitumika popote.

Sasa nimestaafu, nakaa Waa, nafuga kuku na kugombana na kunguru. Simu haziishi. Wiki iliyopita alinipigia mwanamke wa Ukunda: mama yake mguu ni wa baridi, vidole vinageuka vyeusi, naye ametafutiwa kliniki yenye oksijeni. Nilimwambia asiende huko. Mguu wa baridi hauna damu, na hakuna hewa ya juu itakayochukua nafasi ya damu. Ampeleke kwa daktari wa mishipa siku hiyo hiyo. Lakini mwingine aliponiuliza kuhusu kidonda cha kisukari kilichoshughulikiwa vizuri kila upande na bado kimekwama, sikumzuia. Nilimwambia ajaribu, inaweza kumsaidia.

Hilo ndilo jibu langu, na najua haliwaridhishi. Mngependa niseme ndiyo au la. Oksijeni ni mkono wa kuongeza, na mkono wa kuongeza unafaa pale mikono mingine ilipo kazini: damu inapita, sukari imeshuka, nyama iliyokufa imeondolewa, mguu haukanyagwi, kidonda hakiloweshwi. Pasipo hayo mtakuwa mnapuliza hewa kwenye pakacha. Na ili kuyajua hayo sharti mgonjwa awaambie anayoyafanya nyumbani kwake, naye hatawaambia kama mmekaa mkao wa kumkaripia.

Mwezi uliopita, baada ya alasiri, nilisikia hodi. Alikuwa Ustadhi Suleimani, na nyuma yake wanafunzi wake wakubwa wawili wa chuoni. Nikawakaribisha barazani, nikataka kuleta chai. Akanizuia kwa mkono. Aliketi, akavua kiatu cha mguu wa pili, ule uliokuwa mzima siku zote, akavua na soksi. Kisha, mbele ya wanafunzi wake, akauinua unyayo akanielekezea.

"Asubuhi nimepaona pekundu," akasema. "Hapa. Sijui ni kitu au si kitu. Nitazamie, dada."

Palikuwa na lengelenge dogo, dogo kiasi kwamba ningeweza kulifunika kwa punje ya mahindi. Wale vijana waliinama nao wakatazama, naye akawaacha watazame. Machozi yalinitoka, wala sikuyaficha. Nikaingia ndani kutafuta glavu.